Sura ya 6: Pua Miaka Ishirini Baada ya Upasuaji

Watu hutaka kujua bei, hutaka kujua maumivu, lakini swali linalorudi kila mazungumzo ya upasuaji wa pua yanapoanza ni moja: ikishatengenezwa, itabaki hivyo hivyo? Huliuliza binti anayeweka akiba ya safari ya Istanbul. Huliuliza kijana aliyevunjika pua uwanjani akanyooshewa, na sasa anaiona imeanza kulala upande. Huliuliza hata wasio na mpango wowote wa kupasuliwa, ambao wameona picha za Michael Jackson za miaka ya 1970 na za miaka ya 2000 wakabaki kushangaa. Yeye mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1988, alisema amefanyiwa upasuaji wa pua mara mbili. Mengi yaliyosemwa baada ya hapo yalitoka kwa watu ambao hawakuwahi kumtibu, kwa hiyo pua yake tutaiacha, tutazame yale ambayo madaktari wameyaona kwa wagonjwa wao.

Jibu ni hapana, haibaki hivyo hivyo. Pua iliyopasuliwa huendelea kubadilika kwa miaka, na nyingine kwa miongo. Mabadiliko mengi ni madogo. Mwenye pua ndiye pekee anayeyaona anapojitazama kwenye kioo. Machache ni makubwa: ncha inayofinyika, mgongo unaozama, hewa inayopita kwa shida. Kinachoamua pua itaelekea upande gani, kuliko jambo lingine lolote, ni kile kilichoachwa ndani siku ile ya upasuaji. Nitalirudia hili mara nyingi, kwa sababu picha za "kabla na baada" hazilionyeshi, na watu wanaamua hatima ya nyuso zao kwa kutazama picha hizo.

Anza na kidole chako

Weka kidole katikati ya macho, kisha kishushe taratibu juu ya mgongo wa pua. Mwanzoni utagusa kitu kigumu kisichosogea. Huo ni mfupa, nao ni mfupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Karibu na katikati ya pua ugumu ule unakwisha na kitu chenye kubonyea kidogo kinaanza. Hilo ni gegedu, ile sehemu ya mwili iliyo laini kuliko mfupa lakini ngumu kuliko nyama, kama unayoishika ukikunja sikio lako. Endelea mpaka kwenye ncha. Ibonyeze, uiachie. Imerudi yenyewe mahali pake.

Nguvu iliyoirudisha inatoka kwenye magegedu yaliyojificha chini ya ngozi. Katikati kuna ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Sehemu yake ya mbele ni gegedu, na ndio unaobeba mgongo wa pua chini ya mfupa. Kila upande wa ukuta huo kuna gegedu bapa linaloshuka kutoka kwenye mfupa; tuyaite magegedu ya pembeni. Chini kabisa kuna magegedu mawili yaliyopinda, kila moja likizunguka tundu lake. Hayo ndiyo magegedu ya ncha. Juu ya vyote imetandazwa ngozi, nyembamba pale mfupa unapokutana na gegedu, nene kwenye ncha.

Fikiria turubai la arusi. Kitambaa ndicho wageni wanachokiona, lakini umbo lake lote linatokana na nguzo na kamba. Ukifupisha nguzo mbili na kung'oa moja, turubai halianguki saa hiyo hiyo, na anayepiga picha jioni ile hataona kasoro. Upasuaji wa pua ni kazi ya nguzo. Daktari hawezi kuchonga ngozi. Anachonga kilicho chini yake, halafu anasubiri ngozi ikubali umbo jipya.

Mwaka wa kwanza: subira

Mgonjwa akizinduka kutoka kwenye nusukaputi huwa na gango dogo juu ya pua, yaani kifaa kigumu cha kuishikilia isisogee. Kwa kawaida huondolewa baada ya wiki moja hivi. Weusi chini ya macho huisha ndani ya wiki mbili. Mfupa uliovunjwa ili kusogezwa huhitaji kama wiki sita kushikana vizuri, na ndiyo sababu wanaovaa miwani huambiwa wasiilaze juu ya pua kipindi hicho. Tehran, jiji linalojulikana duniani kwa upasuaji huu, vijana hutembea barabarani na plasta zao puani bila kuficha, na kwao ni jambo la kawaida kabisa.

Uvimbe ndio unaochelewa. Sehemu kubwa huondoka katika miezi michache ya kwanza, lakini uliobaki hung'ang'ania kwenye ncha, ambako ngozi ni nene. Madaktari wengi husema matokeo halisi yasihukumiwe kabla ya mwaka mmoja. Kwa mwenye ngozi nene, miaka miwili. Katika kipindi hiki pua inaweza kuwa nene asubuhi na kupungua jioni, kwa sababu kulala hukusanya maji usoni. Ncha inaweza kuwa na ganzi kwa miezi kadhaa kabla hisia hazijarudi. Upande mmoja unaweza kushuka uvimbe kabla ya mwingine, na mtu akaamini pua imepinda.

Kwa hiyo anayesema mwezi wa tatu kwamba pua imeharibika amewahi mno. Na anayesema mwezi wa tatu kwamba imependeza, naye amewahi. Picha nyingi za matangazo zimepigwa katika kipindi hiki hiki.

Kwa kifupi: mabadiliko ya mwaka wa kwanza ni ya kupona, na yanatarajiwa. Mabadiliko ya baadaye ni hadithi nyingine.

Kovu linapokaza

Kila jeraha la mwili hupona kwa kovu, na tabia ya kovu ni kukaza. Ukiwahi kuungua mkononi unajua jinsi ngozi inavyovutwa pale ilipopona. Ndani ya pua mambo ni hayo hayo, ila kovu limejificha kati ya ngozi na gegedu, nalo huvuta pande zote kwa wakati mmoja, polepole, kwa miaka. Gegedu lenye nguvu hustahimili mvuto huo. Gegedu lililopunguzwa mpaka likabaki ukanda mwembamba hukunjika.

Hapo ndipo mtu aliyefurahia pua yake kwa miaka mitano anapoanza kuona vitu ambavyo havikuwepo. Vinavyoonekana zaidi ni hivi:

- Vinundu vidogo kwenye ncha, pale gegedu lililodhoofika lilipojikunja na kusukuma ngozi.
- Kingo za matundu zilizopanda juu, kiasi kwamba ukimtazama mtu kutoka pembeni unaona ndani ya pua.
- Ncha iliyobanwa pande zote mbili, kana kwamba imeshikwa kwa vidole.
- Kivuli chenye umbo la V iliyopinduliwa katikati ya pua. Magegedu ya pembeni yamezama, na ukingo wa mfupa juu yake umejitokeza.
- Mgongo uliobonyea, kwa sababu ukuta wa katikati uliondolewa kupita kiasi au ulitoboka na hauwezi tena kubeba mzigo.

Ukuta wa katikati ukitoboka, huleta taabu ya aina yake. Tundu dogo huweza kupiga mluzi mtu anapovuta pumzi. Kubwa zaidi hukauka, hufanya magamba na kutoa damu mara kwa mara. Wapo wanaoishi na mluzi huo miaka mingi bila kujua unatoka wapi.

Ngozi nayo inazidi kuwa nyembamba kadiri miaka inavyokwenda. Ukingo wa gegedu uliokatwa bila kulainishwa, ambao ukiwa na miaka 25 ulifunikwa vizuri, ukiwa na miaka 45 unaweza kuonekana mwanga unapoupiga kutoka upande. Haukuota upya, ulikuwepo siku zote.

Kutoka Berlin hadi New York: pua zilizorudi

Tunajuaje yote haya? Tunajua kwa sababu kizazi kizima kilipasuliwa kwa njia moja, kisha kikazeeka mbele ya macho ya madaktari.

Mwaka 1887 John Orlando Roe, daktari wa Rochester katika jimbo la New York, alieleza jinsi alivyorekebisha ncha ya pua akipitia ndani ya matundu, bila kuacha kovu usoni. Mwaka 1898, mjini Berlin, Jacques Joseph alimpunguzia pua mwanamume aliyekuwa akikwepa kutoka mbele za watu kwa aibu ya ukubwa wake. Joseph alikuwa Myahudi, na miongoni mwa waliomwendea walikuwemo Wayahudi waliochoka kutambuliwa na kudharauliwa kwa sababu ya pua zao. Alikuwa daktari makini, aliyeamini kwamba aibu ya mtu ni maumivu yanayostahili tiba. Nakubaliana naye. Kumcheka mtu anayetaka kubadilisha pua yake ni rahisi kwa yule ambaye pua yake haijawahi kufanyiwa mzaha darasani.

Joseph alifariki mwaka 1934, lakini mbinu zake zilikuwa zimekwishavuka bahari. Gustave Aufricht na Joseph Safian, waliojifunza kwake, walifanya kazi New York. Msingi wa mbinu hizo ulikuwa kupunguza: nundu ya mgongo ilikatwa kwa msumeno mdogo, magegedu ya ncha yalipunguzwa, mifupa ikasogezwa kuziba nafasi. Daktari alifanya kazi kupitia mikato midogo ndani ya pua, akiongozwa zaidi na mguso wa vidole kuliko macho. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mtindo ulioenea Marekani ulikuwa pua ndogo, yenye mgongo ulioingia ndani kidogo na ncha iliyobinuka. Wasichana wengi waliipata kabla ya kwenda chuo. Mwaka wa kwanza ilipendeza, na sifa za daktari zilijengwa na mwaka huo wa kwanza.

Kisha wakaanza kurudi. Pua zimebanwa, V iliyopinduliwa katikati, matundu yaliyopanda, hewa haipiti. Jack Sheen, daktari wa Los Angeles, alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kuwatibu watu ambao tayari walikuwa wamepasuliwa na wengine. Alipowafungua aliona kilekile mara kwa mara: tatizo lilikuwa upungufu, na kukata zaidi kungezidi kuwaharibu. Mwaka 1978 alitoa kitabu kilichowafanya madaktari wengi wabadili fikra. Mwaka 1984 alieleza mbinu ya kuweka vipande viwili vyembamba vya gegedu, kimoja kila upande, kati ya ukuta wa katikati na gegedu la pembeni, ili katikati ya pua pasizame. Vipande hivyo vinatumika mpaka leo dunia nzima.

Jambo lingine lililosaidia ni kufungua pua waziwazi. Aurel Réthi wa Hungaria alieleza mwaka 1934 mkato mdogo unaopita kwenye nguzo ya ngozi kati ya matundu mawili, ambao unamwezesha daktari kuinua ngozi na kuona magegedu kwa macho yake. Njia hiyo haikushika kasi mpaka miaka ya 1970, pale Wilfred Goodman wa Toronto alipoipigia debe. Daktari anayeona anachokata, na anachokishona, hukata kidogo zaidi na hushona zaidi.

Siku hizi kuna kundi la madaktari wanaokwenda mbele zaidi. Badala ya kukata nundu kutoka juu, huondoa kipande kidogo chini yake, kisha huushusha mgongo wote ukiwa mzima. Wazo hilo ni la zamani, lilielezwa na Lothrop mwaka 1914 na kuendelezwa na Maurice Cottle wa Chicago miaka ya 1950, ila lilipata jina jipya la "upasuaji wa kuhifadhi" mwaka 2018. Lina faida kubwa kwa uimara wa baadaye. Lina kasoro yake pia: nundu huweza kurudi kidogo. Mimi ningechagua nundu ndogo inayorudi kuliko mgongo unaozama, kwa sababu nundu inaweza kupunguzwa tena kwa kazi ndogo, na mgongo uliozama hauinuki bila gegedu la kutoka kwingine.

Hewa, ambayo haionekani pichani

Fanya jaribio hili sasa hivi. Weka vidole viwili shavuni, kando ya pua, uvute ngozi kwa upole kuelekea sikioni, kisha vuta pumzi kwa pua. Kama hewa imeingia kwa urahisi zaidi kuliko kawaida, umefungua kwa mkono sehemu inayoitwa valvu ya pua, yaani upenyo mwembamba kuliko wote katika njia ya hewa. Upo pale gegedu la pembeni linapokutana na ukuta wa katikati, na pembe kati yao ni kama nyuzi 10 hadi 15 tu. Daktari wa masikio, pua na koo hulifanya jaribio hilohilo kliniki. Limepewa jina la Cottle.

Pua peke yake hubeba karibu nusu ya ukinzani wote ambao hewa hukutana nao kutoka nje hadi kwenye mapafu. Upenyo mdogo kama huo ukipungua hata kidogo, kazi ya kupumua huongezeka sana. Nundu inapokatwa, magegedu ya pembeni hupoteza mahali yaliposhikilia. Yasiposhonwa au kuwekewa vipande vya kuyategemeza, huteleza ndani polepole, na mlango wa hewa unabana. Dalili huja kwa kificho: mtu anaanza kulala mdomo wazi, anaamka koo limekauka, anaambiwa anakoroma. Akikimbia, kuta za pua zinafyonzwa ndani anapovuta pumzi kwa nguvu. Ananunua dawa ya kupuliza puani akidhani ni mafua au mzio, anaitumia miezi, haimsaidii.

Tutenganishe hapa jambo moja, maana limewatia watu hofu bure. Ni kawaida kwa tundu moja kuziba kidogo huku lingine likifunguka, kisha kubadilishana baada ya saa kadhaa. Mwili hufanya hivyo kwa watu wengi, waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Tatizo ni pale upande mmoja, au pande zote, unapobana siku baada ya siku na kufunguka tu ukivuta shavu.

Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika sura hii. Uso unaweza kuuzoea. Kukosa pumzi usiku hakuzoeleki.

Vilivyoongezwa: nta, silikoni na ubavu

Si kila pua hupunguzwa. Nyingi huongezwa, hasa zile zenye mgongo wa chini, na kitu kilichoongezwa kina maisha yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ulaya walidunga nta ya parafini iliyoyeyushwa chini ya ngozi, njia iliyoanzishwa na Robert Gersuny wa Vienna. Gladys Deacon, mrembo wa Kimarekani aliyekuwa gumzo la Ulaya, alidungwa nta hiyo akiwa na miaka 22 ili apate pua iliyonyooka kama ya sanamu za Kigiriki. Nta haikukaa. Ilishuka kuelekea kidevuni na kuuharibu uso ambao watu walikuwa wakiusifia. Aliolewa na Duke wa Marlborough mwaka 1921, na aliishi na uso huo mpaka alipofariki mwaka 1977.

Asia ya Mashariki, silikoni ndiyo iliyotumika sana kuinua mgongo wa pua. Ni rahisi kuiweka, haipindi, na mwanzoni hutoa mstari mzuri. Lakini mwili hauichukui kuwa sehemu yake. Huizungushia utando wa kovu. Utando huo unaweza kukaza na kuivuta ncha juu mpaka pua ikafupika. Silikoni iliyofika hadi kwenye ncha husukuma ngozi kutoka ndani usiku na mchana. Ngozi ikianza kuwa nyembamba, nyekundu na kung'aa, hiyo ni dalili ya kumwona daktari wiki hiyo hiyo, kwa sababu hatua inayofuata ni silikoni kutoboa na kutoka nje. Hili huweza kutokea miaka 10 au 20 baada ya upasuaji, kwa mtu aliyekwishasahau kwamba ana kitu puani.

Gegedu la mwili wako mwenyewe ni salama zaidi, nalo huchukuliwa kutoka sehemu tatu. Ukuta wa katikati wa pua hutoa gegedu lililonyooka, ila ni dogo. Sikio hutoa laini na lililopinda. Ubavu hutoa gegedu kubwa na lenye nguvu, ndilo kimbilio pua inapojengwa upya. Shida ya ubavu ni kujikunja. Mwaka 1958 Gibson na Davis walionyesha kwamba tabaka za nje za gegedu la ubavu huvutana, hivyo kipande kilichochongwa upande mmoja tu hupinda. Kikichongwa sawa pande zote kutoka katikati, mivuto hujisawazisha. Hata hivyo kupinda kidogo baada ya miezi au miaka bado hutokea, na mgongo ulionyooka siku ya kwanza ukaja kuonekana umelala upande.

Kuhusu sindano za kujaza pua bila kupasua, zinazouzwa sana kama njia ya mkato: mishipa ya damu ya pua imeungana na ile ya jicho. Sindano ikiingia mahali pasipo pake, ngozi inaweza kufa na jicho linaweza kupofuka. Pua iliyowahi kupasuliwa ni hatari zaidi, kwa sababu kovu limehamisha mishipa kutoka ilipotarajiwa.

Ngozi nene na kipimo cha Ulaya

Msomaji wa Mombasa au Mwanza ana haki ya kuuliza: haya yananihusu vipi? Yanamhusu kwa namna yake, na vitabu vingi vilimwacha nje. Mbinu nyingi za awali zilibuniwa kwa pua nyembamba, yenye nundu na ngozi nyepesi. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana ngozi nene kwenye ncha, magegedu laini chini yake, na mgongo wa chini kiasi. Ukipunguza gegedu lililo laini tayari, ngozi nene haijikunyati kufuata umbo dogo. Inabaki na nafasi tupu chini yake, nafasi hiyo inajaa kovu, na ncha inatoka mviringo usio na umbo, mara nyingine pana kuliko ilivyokuwa. Miaka ikipita kovu linakaza, na ncha hiyo hiyo inaanza kubanwa pembeni. Kinachoifaa pua kama hii kwa kawaida ni kuongezewa nguzo: gegedu la kuisimamisha ncha, ili ngozi itandazwe juu yake.

Jambo la pili ni kupunguza upana wa matundu, kazi ambayo huombwa sana kwetu. Kipande cha ngozi hukatwa chini ya tundu na mshono hufichwa kwenye mkunjo. Mtu mwenye historia ya makovu yanayovimba na kutuna aliseme hili kabla ya lolote. Na kikikatwa kingi, tundu huwa dogo na hewa hupungua. Kuondoa ngozi iliyobaki ni kazi ya dakika chache. Kuirudisha iliyoondolewa ni kazi ngumu mno. Ndiyo maana daktari mwangalifu hukata kidogo kuliko ulivyomwomba.

Umri nao

Pua zote hubadilika, hata zisizoguswa. Ncha hushuka kadiri magegedu na mishikilio yake inavyolegea, na mfupa wa taya la juu hurudi nyuma, hasa kwa waliopoteza meno. Pua inaonekana imerefuka. Aliyepasuliwa hupitia hayo hayo, ila anaanzia kwenye nguzo zilizokwishaguswa, kwa hiyo ncha iliyokuwa imebinuliwa kwa mishono dhaifu inaweza kushuka mapema. Ndiyo sababu pia vijana hushauriwa wasubiri uso umalize kukua, mara nyingi miaka 15 au 16 kwa wasichana na 17 au 18 kwa wavulana.

Kupasuliwa mara ya pili

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya watu 5 na 15 katika kila 100 waliopasuliwa pua hurudi kurekebishwa. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza: kovu limegandisha ngozi na gegedu pamoja, damu inapita kwa njia mpya, na gegedu la ukuta wa katikati huenda lilishatumika. Ubavu huingia hapo. Madaktari wengi hawakubali kuanza kabla ya miezi 12 kupita.

Kuna ugumu mwingine kwa anayesafiri. Anayepasuliwa Istanbul au Mumbai hutolewa gango, hupewa ruhusa, na ndani ya siku chache yuko nyumbani. Daktari aliyemfanyia haioni pua hiyo tena, haioni mwaka wa tano wala wa kumi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza maswali haya na udai majibu yaliyo wazi:

1. Utaondoa nini, na utaacha nini cha kubeba mgongo na ncha?
2. Ukiondoa nundu, magegedu ya pembeni utayashikilia kwa njia gani?
3. Utaongeza kitu gani, na kinatoka wapi?
4. Una picha za wagonjwa wako, wenye ngozi kama yangu, za miaka mitano au kumi baadaye?
5. Nikipata shida ya kupumua mwaka wa tatu, nitamwona nani?

Akijibu la nne kwa kukuonyesha picha za wiki ya sita, umeshapata jibu.

Kabla ya kuondoka hospitalini, omba nakala ya ripoti ya upasuaji, ile karatasi inayoeleza kilichokatwa, kilichoshonwa na kilichowekwa, pamoja na jina na aina ya kipandikizi kama kipo. Iweke na picha zako za zamani, za mbele na za pembeni. Aliyepasuliwa miaka mingi iliyopita na hana karatasi hiyo bado anaweza kusaidiwa: daktari wa masikio, pua na koo ataingiza kamera nyembamba puani na kubonyeza kila sehemu kwa kidole, aone palipobaki gegedu na palipobaki kovu tu. Kwenye wembamba wa ngozi na wingi wa kovu ndipo atakapojua kama pua hiyo inaweza kufunguliwa tena, au kama la busara ni kuurekebisha upenyo wa hewa peke yake na kuliacha umbo la nje lilivyo.